Kamera mbili, saa mbili usiku

Mezani nina kamera mbili za mfukoni, zote za kampuni ya Canon ya Japani, na kwa dakika chache zijazo nataka nikusaidie kuchagua moja. Ya kwanza ni PowerShot G7 X Mark II, iliyotoka mwaka 2016. Ya pili ni PowerShot SX740 HS, iliyotoka mwaka 2018. Majina ni marefu, kwa hiyo nitaziita G7 X na SX740. Hata kama unawaza kununua za kampuni nyingine, kaa nami, maana yale yanayozitenganisha hizi mbili ndiyo yanayotenganisha karibu kila jozi ya kamera ndogo utakayowekewa dukani.

Nimezileta hizi kwa sababu zinafanana kiasi cha kumpoteza mnunuzi. Ukizishika, moja mkono huu na nyingine mkono ule, huhisi tofauti: SX740 ina gramu 299, G7 X ina gramu 319. Betri yao ni moja, ile inayoitwa NB-13L, na kwa kipimo cha watengenezaji kila moja inapiga picha 265 hivi kabla ya kurudi kwenye chaja. Zote zina skrini inayoinuka mpaka ikutazame ukijipiga mwenyewe. Sasa utauliza swali ambalo wanunuzi wengi huanza nalo, ipi ina megapikseli nyingi? SX740 ina 20.3, G7 X ina 20.1. Zimelingana. Swali limejibiwa na bado hujui chochote.

Hapo ndipo muuzaji anaichukua SX740, anaielekeza nje ya mlango, anavuta. Lenzi inatoka, inaendelea kutoka, na lile bango la upande wa pili wa barabara ambalo hukuliona vizuri kwa macho linajaa kwenye skrini. SX740 inavuta mara 40. G7 X inavuta mara 4 na kidogo, kisha basi. Halafu anakutajia bei. Zilipotoka, huko Marekani SX740 iliuzwa kama dola 400 na G7 X kama dola 700, na mpaka leo G7 X kwa kawaida ndiyo ghali zaidi. SX740 inavuta mbali zaidi, bei yake ni nafuu, na ni mpya zaidi kwa miaka miwili. Tena inarekodi video ya 4K, wakati G7 X inaishia kwenye HD kamili. Nani angeiacha?

Mimi nasema usitoe hela bado. Dukani ni mahali pabaya pa kupimia kamera. Maduka ya vifaa vya umeme, uwe Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi, yanawashwa taa nyingi ili bidhaa zing'ae. Kwenye mwanga ule kila kamera inapiga picha nzuri. Uwezo wa kuvuta unaonekana pale pale kwenye kaunta; uwezo wa kuona gizani hauonekani. Kwa hiyo mtu ananunua kile alichoonyeshwa, anakwenda nacho nyumbani, na saa mbili usiku, sebuleni, mtoto anakata keki ya siku yake ya kuzaliwa, ndipo anapogundua alichonunua.

Na hebu tufikirie ni saa ngapi sisi hupiga picha tunazozithamini. Ukanda wetu huu uko karibu na Ikweta. Jua linazama kati ya saa kumi na mbili na saa moja hivi mwaka mzima, na likishazama giza halichelewi. Sherehe zetu nyingi zinaanza baada ya hapo. Sendofu, kicheni pati, harusi ukumbini, maulidi, mkesha wa Krismasi, babu amekuja kutoka kijijini na wajukuu wamemzunguka chini ya taa moja ya sebuleni. Hizo ndizo picha zitakazotafutwa miaka 20 ijayo, na zote zinapigwa kwenye mwanga hafifu.

Sasa tuingie ndani ya kamera. Nyuma ya lenzi kuna kibamba kidogo kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa umeme, wenyewe wanakiita sensa. Sensa ya SX740 ina upana wa milimita 6.2 na urefu wa milimita 4.6 hivi, ni ndogo kuliko ukucha wa kidole chako kidogo. Sensa ya G7 X ina milimita 13.2 kwa 8.8. Kwenye boksi wanaiita ya inchi moja, ingawa ukiipima kwa rula hutaipata hiyo inchi, kwa sababu kipimo hicho kimerithiwa kutoka enzi za mirija ya kamera za televisheni. Ukizidisha upana kwa urefu utaona kwamba eneo la sensa ya G7 X ni kubwa mara 4 kuliko la mwenzake. Weka karai na bakuli uani wakati mvua inanyesha: mvua ni ile ile, lakini utakapokuja kuvichukua, maji hayawezi kuwa sawa. Sensa hizi mbili zimegawanya mwanga wao kwa pikseli milioni 20 kila moja, na pikseli za SX740 zimeambulia matone.

Kuna na lenzi pia. Mbele ya lenzi utaona namba, na wengi huziruka kwa sababu hazieleweki. Hizo namba za F zinaeleza ukubwa wa tundu linalopitisha mwanga, na zinakwenda kinyume: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. G7 X inaanza na 1.8. SX740 inaanza na 3.3. Kwa hesabu za mwanga, kila sehemu ya sensa ya G7 X inapokea mwanga mara 3 na zaidi ya ile ya mwenzake. Zidisha kwa tofauti ya ukubwa wa sensa, na picha nzima ya G7 X inakuwa imekusanya mwanga karibu mara 14 ya picha ya SX740, zikipigwa mahali pamoja, chini ya taa ile ile, kwa muda ule ule. Mara 14. Namba hiyo hutaikuta kwenye boksi, na kwangu mimi ndiyo kubwa kuliko ile ya mara 40 iliyoandikwa kwa herufi nene.

Ukumbini inaonekanaje? Pale ambapo G7 X itapiga kwa sehemu ya 100 ya sekunde, SX740 itahitaji sehemu ya 30 hivi. Bibi harusi anacheza, na katika sehemu ya 30 ya sekunde mkono wake umeshasafiri, kwa hiyo picha inatoka na mkono uliofutika. Ndiyo, kamera zote mbili zina kifaa cha kutuliza mtetemo, lakini hicho kinatuliza mikono yako wewe mpigaji. Hakiwezi kumtuliza anayecheza. Kamera ikiamua kupiga kwa haraka zaidi italazimika kuongeza nguvu ya umeme mdogo ilioupata, na hapo ndipo zinapoingia chenga, zile punje punje za rangi zinazojaa kwenye vivuli. Kisha programu ya kamera inazisafisha chenga hizo kwa kuzilainisha, na inapolainisha inafuta na nyusi, na nakshi za kanga, na hina iliyochorwa kwa saa nzima mikononi.

Hapa nataka nikae kidogo, maana kuna jambo linalotugusa sisi zaidi ya wengine. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera kinachukulia kwamba kile unachokipiga, ukikichanganya chote, ni cha rangi ya kijivu cha wastani. Sasa simamisha familia mbele ya ukuta mweupe, wanaume wamevaa kanzu, bibi harusi amevaa shela. Kamera inaona weupe mwingi, inadhani mwanga umezidi, inapunguza. Kanzu zinatoka vizuri na sura za watu zinatoka giza. Hii si kwamba kamera haiwezi kuona ngozi nyeusi. Inaiona vizuri kabisa ikielekezwa. Enzi za filamu mambo yalikuwa mabaya zaidi: maabara za kusafisha picha zilikuwa zikirekebisha rangi kwa kutumia kadi ya mfano yenye picha ya mwanamke mzungu, kadi zilizojulikana kama za Shirley, na ngozi isiyofanana na yake ilitoka kama itakavyotoka. Leo dawa iko kidoleni mwako. Ongeza mwanga kidogo, alama moja ya kujumlisha, na sura zinarudi.

Tofauti ni namna ya kuifikia dawa hiyo. G7 X ina gurudumu lake maalumu juu, kulia, kwa kazi hiyo tu. Unalizungusha kwa dole gumba bila kuondoa jicho kwa watu wako. SX740 inakutaka upitie vitufe vya nyuma. Wakati ndugu wamesimama kwa pamoja na wajomba wawili wameshaanza kutawanyika, hatua hiyo ya ziada ina thamani. Kadhalika skrini ya G7 X ni ya kugusa: unagusa sura ya mtu, kamera inalenga hapo. Ya SX740 haigusiki. Na G7 X inakubali kuhifadhi picha ghafi, ile ambayo kamera haijaipika bado, ukakaa baadaye kwenye kompyuta na kuzitoa sura kwenye kivuli. SX740 inahifadhi JPEG tu, imeshapikwa na imeshafungwa.

Utaniambia, lakini nina simu. Ni hoja nzuri, tusiikwepe. Simu nzuri za leo zinapiga fremu kadhaa kwa mfululizo na kuziunganisha ziwe moja, kwa hiyo gizani zinaweza kuishinda kamera yenye sensa ndogo. Kuna hata simu za bei kubwa zenye sensa ya ukubwa ule ule wa G7 X. Ndiyo maana kamera ndogo zilizokuwa kila nyumba zimepungua sana madukani. Basi kanuni yangu ni kwamba usinunue kamera ya kufanya kile ambacho simu yako inakifanya tayari. Nunua ile inayofanya kisichowezekana. G7 X inakupa flashi ya kweli, inayomgandisha mtu anayeruka, tofauti na kijitaa cha simu, na lenzi inayosogea mpaka sura ya mtu bila kuichakaza picha.

Na SX740 je? Hapa sitaki niionee. Kuna watu ambao ningewaambia waichukue bila kusita. Lenzi yake inaanza na upana ule ule wa G7 X, milimita 24 kwa kipimo cha filamu ya zamani, lakini inafika 960. Zamani lenzi ya namna hiyo ilibebwa begani kwa mkanda, na hii inaingia mfuko wa koti. Kama wewe ni mwongoza watalii, kama unapita ile barabara kuu inayokatiza hifadhi ya Mikumi na huruhusiwi kushuka kwenye gari, kama unataka heroe wa Ziwa Bogoria wajae kwenye fremu nawe umesimama ukingoni, simu haitakusaidia na G7 X haitakusaidia. Bwana shamba naye aisikilize hii: SX740 inaweza kulenga kitu kilicho sentimita 1 tu mbele ya lenzi, G7 X inahitaji sentimita 5. Kwa kupiga viwavi chini ya jani la mhindi, hiyo ni faida, mradi kivuli cha kamera yenyewe kisikuzibie mwanga.

Ila itumie mchana, na itumie mapema. Ukivuta mpaka mwisho, tundu la lenzi linafika 6.9, na kila sehemu ya sensa inapata mwanga pungufu mara 6 hivi kuliko G7 X iliyovutwa mpaka mwisho wake. Mwanga unaopita kwenye tundu finyu hutawanyika kidogo, kwa hiyo zile megapikseli 20 huko mwisho hazina mistari mikali unayoitarajia. Na ikifika saa sita mchana, nyikani, hewa yenyewe inachemka juu ya ardhi, na hakuna lenzi ya bei yoyote inayoweza kuinyoosha. Saa moja asubuhi, jua likiwa mgongoni kwako, SX740 itakufurahisha sana.

Yako mapungufu ambayo zote mbili zinayo, na muuzaji hatakutajia. Hazina kitundu cha kuchungulia, na kwenye jua letu la mchana skrini inafifia, ukawa unapiga kwa kubahatisha. Hazina tundu la kuchomekea maikrofoni. Kama unataka kurekodi hotuba au mahojiano, tafuta nyingine. Hazikukingwa dhidi ya maji wala vumbi. Lenzi inayotoka na kuingia inavuta hewa, hewa inavuta vumbi, na vumbi likitua kwenye sensa huwezi kulipuliza, kwa sababu lenzi haifunguki. Ni kazi ya fundi. Kwa wenzetu wa Tanga, Mombasa, Unguja na Pemba, adui ni unyevu. Kamera ikifungiwa kabatini msimu mzima wa masika, ukungu unaota ndani ya lenzi kama nyuzi za buibui. Vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usivitupe, vikaushe, viweke ndani ya mkoba wa kamera.

Mpwa wangu, mwalimu wa shule ya msingi, alinipigia kuhusu hizi hizi mbili. Akaanza, "Shikamoo mjomba." Nikamwitikia. "Mjomba, nimezipenda zote. Wanafunzi wana mahafali, nyumbani kuna harusi, na likizo nakwenda Manyara kuona ndege. Nichukue ipi?" Sikumpa jibu. Nilimwambia, "Mwanangu, fungua simu yako, tazama picha za mwaka mzima. Zitafute zile zilizokuudhi. Kisha uniambie, zimekuudhi kwa sababu mtu alikuwa mbali, au kwa sababu palikuwa na giza?" Alinipigia tena jioni. "Mjomba, ndege ni wachache tu, nao wako mbali. Lakini za ukumbini zote zimefutika sura." Akachukua G7 X, na kwa ajili ya ndege wa Manyara akaazima darubini ya kuwatazamia.

Fanya na wewe hivyo kabla hujatoka nyumbani, maana picha zako zilizoharibika zinajua mahitaji yako kuliko tangazo lolote. Ukifika dukani, mwombe muuzaji akuruhusu uende na kamera kwenye kona yenye giza, stoo, au nyuma ya pazia. Mpige mwenzako aliyekusindikiza, usoni, bila flashi, huku akizungumza na kutikisa kichwa. Kisha ikuze picha kwenye skrini mpaka uione nyusi. Piga na picha nyingine akiwa amesimama mlangoni, mwanga wa nje ukiwa nyuma yake, uone itakuchukua vitufe vingapi kuitoa sura yake gizani. Kama unahitaji ya kuvuta, toka nje, vuta mpaka mwisho, piga ukiwa umeishika kwa mikono miwili na viwiko vimebana mbavu, ikuze vile vile. Muuzaji akikataa yote hayo, shukuru na uende duka la jirani.

Zote mbili zimekuwa sokoni miaka mingi, kwa hiyo utakutana na zilizotumika, na hasa G7 X, kwa kuwa vijana wa mitandao wamezirudia kamera ndogo na bei zake zimepanda. Iwashe na kuizima mara kadhaa, usikie kama lenzi inatoka bila kukwaruza. Washa tochi ya simu, imulike ndani ya lenzi, utafute zile nyuzi za ukungu. Kwenye hali ya kupanga mwenyewe, punguza tundu mpaka mwisho, piga anga tupu, kisha itazame: madoa meusi yanayobaki mahali pale pale kila picha ni vumbi lililoko ndani, na gharama ya fundi ipunguze kwenye bei.

Usimalizie pesa zote kwenye kamera yenyewe. Picha 265 zinakwisha kabla bibi harusi hajabadilisha nguo ya pili, kwa hiyo betri ya akiba si anasa. Nunua NB-13L halisi. Za kuiga huisha haraka, na nyingine huvimba zikakwama ndani ya kamera. Kadi ya kumbukumbu nayo, ukishainunua, ijaze yote siku ile ile kwa video ya kitu chochote, kisha uifungue kwenye kompyuta kama inasomeka mpaka mwisho, kwa sababu kadi za bandia huandikwa ukubwa ambao hazina. Kama haisomeki, irudishe kesho yake ukiwa na risiti mkononi.